Kibao cha Mlangoni na Mizani: Nilivyochagua Trela la Gari Dogo la Michezo

Karatasi niliyokabidhiwa kwenye kidirisha cha kibanda cha mizani ilikuwa ndogo kama risiti ya petroli, na katika yote yaliyoandikwa juu yake lililonihusu lilikuwa moja tu: kilo 3,400. Nilikuwa nimesimama katika yadi ya vyuma chakavu pembezoni mwa Leicester, asubuhi ya Ijumaa, gari letu la familia likiwa limeunganishwa na trela, na juu ya trela ikiwa imefungwa Mazda MX-5 ya buluu kwa mikanda minne. Nilikuwa nimekwenda pale kutafuta uthibitisho wa jambo ambalo tayari nilikuwa na hakika nalo, yaani kwamba nimo ndani ya sheria. Kibao cha uzito kilichobandikwa kwenye gari letu kinaruhusu kilo 3,360 kwa gari na trela pamoja. Nilikuwa nimezidisha kilo 40, na siku ya kukimbiza gari kwenye uwanja wa Snetterton, kule Norfolk, nilikuwa nimekwisha kuilipia.

Mtu anaweza kusema kwamba kilo 40 ni mfuko mmoja wa saruji usiojaa, na kwa kweli nusu saa nzima ndivyo nilivyojifariji. Kisha nikaomba niruhusiwe kulifungua trela na kupima vitu viwili hivyo kando kando, na hapo ndipo faraja iliponiishia. Gari peke yake, pamoja nami, rafiki yangu na makorokoro yote ya butini, lilikuwa na kilo 1,760. Trela na Mazda yake vilikuwa na kilo 1,640, ilhali kitabu cha gari kinasema lisivute trela lenye breki linalozidi kilo 1,500. Kilo 140 zaidi ni sawa na watu wazima wawili walioketi juu ya boneti ya Mazda tangu Leicester hadi Norfolk.

Nilipaswa kujua mapema. Nimezaliwa Mombasa, na mjomba wangu aliendesha malori ya Mombasa hadi Malaba kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo neno mizani nililisikia nyumbani kabla sijajua kusoma. Kila lori lililopakia bandarini lilikuwa na miadi na mizani ya Mariakani, na mazungumzo ya madereva jioni yalikuwa juu ya ekseli ipi imezidi. Leo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kikomo kimoja cha tani 56 kwa lori zima, lakini hata wakati ule wa mjomba, lori lingeweza kuwa halijazidi kwa jumla na bado likazuiliwa, kwa sababu mzigo umelala zaidi juu ya ekseli moja. Mjomba alikuwa akisema kwamba nusu ya kazi ya utingo ni kuusogeza mzigo mbele au nyuma mpaka lori likubaliwe. Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, nikilisukuma gari dogo la viti viwili juu ya bati, sentimita kumi mbele, sentimita kumi nyuma.

Huenda msomaji akauliza kwa nini gari zima, lenye namba na bima, libebwe juu ya gari jingine. Mimi mwenyewe miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nikiiendesha MX-5 yangu hadi uwanjani, nikakimbia siku nzima, kisha nikaiendesha kurudi nyumbani, na huo ndio uungwana wa gari hilo. Ila siku moja kwenye uwanja wa Cadwell Park, katika vilima vya Lincolnshire, silinda ndogo ya klachi ilianza kuvuja, ugonjwa unaojulikana sana katika MX-5 za zamani, na nikarudi Leicester nikibadilisha gia bila klachi, nikiomba kila taa ya barabarani iwe ya kijani. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba gari linaloteswa uwanjani linahitaji njia nyingine ya kurudia nyumbani. Zaidi ya hayo nilikuwa nimeanza kutumia matairi laini ambayo hayafai mvua ya barabara kuu, na nilikuwa nimefunga vyuma vya kukinga kichwa nyuma ya viti, na kila badiliko la namna hiyo huliondoa gari barabarani kidogo kidogo.

Niseme pia, kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja, kwamba gari la michezo lenyewe kwa kawaida halivuti kitu. Kitabu cha MX-5 kinamwambia mwenye gari asifunge trela kabisa. Mtu anayetamani kuvuta trela dogo la matairi kwa gari lenyewe la mashindano anapaswa kuanza kwa kusoma kibao cha gari lake, na mara nyingi safari yake itaishia hapo hapo.

Kibao ninachokisema ni kile cha chuma au cha karatasi ngumu ambacho mtengenezaji hukibandika kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kina mistari minne ya uzito. Wa kwanza ni uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari lenyewe likiwa limepakia, ambao kwa gari letu ni kilo 1,960. Wa pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na trela lake na vyote vilivyomo, ambao mimi huuita uzito wa msafara. Wetu ni kilo 3,360. Wa tatu na wa nne ni vikomo vya ekseli ya mbele na ya nyuma, 1,030 na 1,000. Gari ambalo kibao chake hakitaji uzito wa msafara halikuidhinishwa kuvuta, hata kama aliyelimiliki kabla yako amelifungia nyuma tufe la chuma la kushikia trela, tena linalong'aa.

Ukiutoa mstari wa kwanza katika ule wa pili, unapata uzito wa trela ambao gari linaweza kuuvuta likiwa limejaa kabisa. Kwa gari letu ni kilo 1,400. Kitabu, kwa upande wake, kinataja 1,500, na hapa ndipo watu wengi tunapopotea, kwa kuwa tunaisoma ile 1,500 kama ahadi isiyo na masharti. Ukweli ni kwamba mtengenezaji hakukusudia ujaze gari abiria na mizigo kisha uongeze trela la 1,500. Ukitaka kuvuta 1,500 kamili, gari lenyewe lisizidi 1,860, na kila mtoto, kila hema na kila jagi la maji unaloliweka butini hulipunguza trela. Kitabu na kibao ni vikomo viwili tofauti, na dereva anatakiwa kuvitii vyote.

Tarakimu ya kitabuni haikutoka hewani. Kwa kanuni za Ulaya, gari lililopakia na kufungiwa trela la uzito huo lazima liweze kuondoka mara 5 ndani ya dakika 5 kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 12. Kinachopimwa pale ni injini na klachi. Uthabiti wa gari likiwa katika mwendo wa maili 60 kwa saa ni habari nyingine, na ndiyo maana wavutaji wa nyumba za magurudumu hapa Uingereza hupendekezewa trela lisilozidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Hiyo ni nasaha ya wazoefu wala si sheria, na mimi naiona kali kidogo kwa trela la gari, kwa sababu MX-5 iliyolala chini haipigwi na upepo kama nyumba yenye kuta. Hata hivyo trela langu lilikuwa zaidi ya asilimia 110 ya gari letu tupu, na kwa hesabu hiyo hakuna nasaha wala sheria iliyokuwa upande wangu.

Nilifikaje huko? Kwa kuamini karatasi za watu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyeniuzia trela aliliona lake jepesi kwelikweli. Tangazo lilisema lina kilo 450, na yamkini lilikuwa na kilo 450 siku lilipotoka kiwandani. Tangu hapo lilikuwa limeongezewa sakafu ya bati la vipele, winchi na betri yake, sanduku la chuma la vifaa, kichanja cha kupangia matairi na gurudumu la akiba, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa. Lilipopimwa peke yake lilikuwa na kilo 565. Kwa upande wa Mazda nilikuwa nimesoma kwamba ina kilo 1,000, nikaikubali kwa sababu ni rahisi kukumbuka, bila kuhesabu vyuma vya kukinga kichwa, nusu tangi ya petroli na viraka vya miaka 20. Kumbe ina 1,045. Kichwani mwangu nilikuwa navuta 1,450. Barabarani nilikuwa navuta takriban kilo 190 zaidi, mikanda na dumu la petroli vikiwemo. Nilipomuuliza muuzaji, siku ya kununua, kama gari la familia lingelimudu, alilipigapiga bawa la trela, lile bati linalofunika gurudumu, kwa kiganja akasema linavutwa na gari lolote. Simlaumu. Swali lile lilikuwa la kuuliza kibao, nami nilimuuliza mtu.

Wepesi wa gari la michezo ndio unaodanganya. Mtu mwenye MX-5 ya tani moja, au Lotus Elise ya mwanzo iliyotoka 1996 ikiwa na kilo zisizofika 750, hudhani kwamba habari za uzito ni za wenye magari makubwa. Lakini siku ya uwanjani ina vitu vyake. Magurudumu manne ya akiba ya MX-5, kilo 16 kila moja, ni kilo 64. Jeki ya magurudumu ya chuma ni kilo 30 au zaidi. Sanduku la spana ni 25. Dumu la lita 20 za petroli ni kilo 15 kabla hujahesabu dumu lenyewe. Mambo hayo madogo madogo yanakaribia sehemu moja ya tano ya uzito wa Elise, na hakuna anayeyapima kwa kuwa kila moja hubebwa kwa mkono mmoja.

Sheria ya leseni, ambayo watu huiogopa kuliko yote, siku hizi ndiyo nyepesi zaidi. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari katika Uingereza anaweza kuvuta trela lenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa hadi kilo 3,500 bila kufanya mtihani mwingine. Kabla ya hapo, sisi tuliofaulu kuanzia Januari 1997 tuliruhusiwa trela la kilo 750, au kubwa zaidi ilmradi gari na trela kwa pamoja visizidi 3,500, na aliyetaka zaidi alikwenda kurudi nyuma kati ya koni mbele ya mtahini. Waliofaulu kabla ya 1997 walikuwa na haki ya hadi kilo 8,250 kwa jumla tangu zamani, na walikuwa wakitukumbusha kila walipopata nafasi.

Jambo moja katika habari hiyo lastahili kushikwa vizuri. Leseni hutazama uzito ulioandikwa kwenye vibao, hata trela likiwa tupu kabisa. Kikomo cha msafara, kinyume chake, hutazama uzito halisi wa siku hiyo juu ya mizani. Trela langu la kwanza lilikuwa na kibao cha kilo 2,000. Kwa leseni lilihesabiwa 2,000 hata likiwa limebeba majani makavu, na kwa askari wa barabarani mwenye mizani lilihesabiwa vile lilivyokuwa. Nimeona watu wawili wakibishana saa nzima kwenye maegesho ya uwanja, kila mmoja akiwa sahihi kuhusu uzito wake, bila kugundua kwamba hawazungumzii kitu kimoja.

Suala la breki halina mjadala kwa gari lolote zima. Trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750, wala nusu ya uzito wa gari linalovuta, kinachotangulia kati ya hivyo viwili. Ondoa uzito wa trela lenyewe, na kinachobaki hakitoshi hata gari jepesi la michezo kama Caterham, lenye kilo 500 na kitu, isipokuwa kwa bahati. Kwa hiyo trela la gari ni trela lenye breki, na breki hizo hazina waya wala bomba linalotoka kwenye pedali yako. Gari la mbele linapopunguza mwendo, trela huja kwa nguvu zake, shingo yake, yaani chuma cha mbele kinachoshika tufe la gari, hujisukuma ndani ya ala yake, na msukumo huo huvuta fimbo na nyaya zinazobana breki za magurudumu. Ni utaratibu rahisi na wa busara, lakini ukiachwa mwaka mzima uani hushika kutu, na trela lililoshika kutu shingoni ama halifungi breki kabisa ama hufunga kwa kishindo. Kuna pia waya mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye gari, ili shingo ikichomoka kwenye tufe, waya uvute breki za trela kabla haujakatika. Nimeona mtu amekata wake kwa sababu ulikuwa ukiburuza lami.

Baada ya aibu ya yadi ya vyuma, nilianza kutafuta trela jingine, safari hii nikiwa na utepe wa kupimia na kalamu. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa na sharti moja la kwanza: kilo 1,500, toa 1,045 za Mazda, toa mikanda, na ubakishe kitu cha kukosea. Trela lisizidi kilo 420. Sharti hilo liliyaondoa mara moja matrela ya kufunikwa, ambayo ni mazuri na humficha mwizi asijue kilichomo, lakini mengi yao yananyemelea kilo 800 na yanataka gari kubwa la mbele. Viwanda vinavyojulikana zaidi kwa kazi hii hapa, Brian James wa Daventry na Ifor Williams wa Wales, vina matrela ya kila ukubwa, na bei za yaliyotumika hushuka polepole sana, jambo linalomuumiza mnunuzi na kumfurahisha anayeuza.

Trela la ekseli moja ni jepesi na unaweza kuligeuza kwa mikono uani, nami nilivutiwa nalo. Nililiacha kwa sababu tairi likipasuka barabarani kwenye ekseli moja, huna tairi jingine upande huo la kulishikilia, na MX-5 iko juu yake. Ekseli mbili huongeza kilo na ugumu wa kugeuza, lakini zinatulia. Kilichopunguza uzito wa lile nililochukua ni sakafu: halina bati katikati, lina njia mbili za kupitia magurudumu tu, na katikati unaona lami. Mtu akidondosha nati wakati wa kufunga, inakwenda na maji.

Kisha kuna urefu wa kitanda cha trela kutoka ardhini, na hili ni la magari ya chini kuliko mengine yote. Kitanda kilichokaa juu ya magurudumu ni kipana na hukuruhusu ufungue mlango, lakini kimeinuka; ukiwa na kitanda cha sentimita 50 na rampu za mita 2, mwinuko unakaribia nyuzi 15, na bampa la mbele la gari lililoshushwa springi litakuwa limekwisha kugusa kabla gurudumu halijapanda. Kitanda kilichokaa kati ya magurudumu kiko chini na hupandika vizuri, ila bawa la trela linazuia mlango. Wenye Porsche 911 hununua matrela yenye bawa linalong'oka. Mwenye MX-5 hufungua paa, akasimama juu ya kiti na kuruka nje kama mtu anayetoka kisimani, na mvua ya Leicester ikiwa inanyesha hujifunza kuharakisha. Mimi nilichukua la chini, na bado naweka vipande viwili vya mbao za sentimita 5 mbele ya rampu ili kuupunguza mwinuko wa mwanzo.

Nimeuacha uzito wa shingo hadi hapa kwa sababu ndio niliofurahia zaidi kuuelewa. Shingo ya trela hulikandamiza tufe la gari kwa uzito fulani, na uzito huo una kikomo chake, ambacho kwa gari letu ni kilo 80. Ukiwa mdogo mno, au mbaya zaidi trela likiwa linalinyanyua tufe, trela huanza kuyumba kama mkia wa nyoka linapopitwa na lori; ukizidi, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na taa zako huwamulika ndege. Kinachopendekezwa ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela, ambayo kwa trela la kilo 1,450 ni kati ya kilo 73 na 101. Tufe langu linaishia 80. Nafasi niliyo nayo, basi, ni kilo 7.

Sasa fikiria hesabu ya mjomba. Kutoka kwenye tufe hadi katikati ya ekseli za trela langu ni karibu mita 4. Gari la kilo 1,045 likisogea sentimita 10 mbele, uzito wa shingo huongezeka kwa kilo 1,045 mara 0.1 gawa kwa 4, yaani kilo 26. Upana wa kiganja cha mkono unatosha kukutoa katika usalama na kukutupa nje ya sheria. Kwa hiyo nilifanya kazi ya utingo. Niliikata nguzo ya mbao yenye urefu unaofanya shingo ikae sawasawa na tufe, nikaisimamisha juu ya mizani ya bafuni, ile ya mke wangu inayofika kilo 150, nikaishusha shingo juu yake na kuisoma. Kilo 112. Nikairudisha Mazda nyuma kidogo. 61. Nikaisogeza mbele. Baada ya nusu saa nilipata 77, nikapiga mistari miwili ya rangi nyeupe kwenye njia za trela mahali matairi ya mbele yanapogusa, na tangu siku hiyo naipandisha mpaka kwenye mistari na kufunga. Mke wangu aliuliza kwa nini mizani yake ina mviringo wa matope katikati. Nilimweleza habari yote, na alisikiliza mpaka mwisho, nadhani kwa huruma.

Kufunga nako kuna ubishi wake. Mimi hufunga mikanda kuzungukia matairi, si kwenye chesi, ili gari lichezecheze juu ya springi zake bila kulegeza mkanda, kisha naliacha kwenye gia na hendibreki ikiwa juu. Baada ya maili 10 za kwanza nasimama na kuikaza tena, kwa kuwa mikanda mipya hulegea.

Barabarani mambo ni machache na hayana siri. Mwendo ni maili 50 kwa saa kwenye barabara za njia moja kila upande na 60 kwenye barabara kuu zilizotenganishwa. Njia ya kulia kabisa ya barabara kuu yenye njia tatu au zaidi si yako. Namba ya gari linalovuta hurudiwa nyuma ya trela. Upana wa trela usizidi mita 2.55 na urefu wake, bila shingo, mita 7. Binamu yangu anayeishi Ujerumani huniambia nina raha, kwa sababu kule leseni yake ya kawaida bado inamzuia kwenye trela zito linalopeleka msafara juu ya kilo 3,500, na mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa asipopata kibali cha 100. Nami humwambia kwamba yeye ana uwanja wa mbio wa Nürburgring karibu na nyumbani.

Linalonitia shaka hapa Uingereza ni kwamba trela la namna hii halina ukaguzi wa kila mwaka. Gari letu hupelekwa likakaguliwe. Trela linaloweza kubeba tani moja na nusu nyuma ya watoto wangu halimhusu mtu ila mimi. Matairi yake huzeeka kabla hayajaisha, kwa kuwa trela hulala wiki nyingi na kutembea siku chache, na uzee huo husomeka ubavuni kwa tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ndiyo niliyoikuta kwenye matairi mawili ya trela la kwanza, yakiwa na vina virefu na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka.

Lile la kwanza niliuza kwa mtu mwenye gari kubwa la magurudumu manne, na kwenye tangazo niliandika kilo 565 pamoja na picha ya karatasi ya mizani. Trela jipya, yaani jipya kwangu mimi, lina kilo 400. Nilirudi katika yadi ile ile Ijumaa nyingine, Mazda ikiwa juu ya mistari yake myeupe, gurudumu la akiba na dumu vikiwa butini, na karatasi ikatoka kidirishani: 3,240. Nilikuwa na kilo 120 za ziada. Niliipiga picha nikamtumia mjomba, ambaye sasa amestaafu na anakaa Changamwe, nikamwandikia, "Mjomba, nimepita mizani."

Alijibu kwa sauti, huku nyuma yake pikipiki zikipita. "Hongera, mwanangu. Na ekseli ya nyuma ina ngapi?"

Sikuwa nimeipima. Gari lenye buti iliyojaa na kilo 77 zinazokandamiza tufe lingeweza kuwa halali kwa mistari miwili ya kwanza ya kibao na haramu kwa ule wa nne. Nililirudisha gari nyuma hadi yadini, nikamwomba yule wa kidirishani aniruhusu nisimamishe ekseli ya nyuma peke yake juu ya chuma, nikalipa tena pauni zangu chache, nikasubiri. 960. Kibao kinasema 1,000. Nikamtumia mjomba picha ya pili, nikaelekea Norfolk.